Mkutubi aache kujiita mtunza vitabu

Kitabu, katibu, mkataba, maktaba na mkutubi ni maneno ya ukoo mmoja. Yote yametoka katika mzizi wa Kiarabu unaohusu kuandika. Ukoo huo, hata hivyo, haukugawana heshima sawasawa. Katibu akiingia mkutanoni watu husogeza viti, mkataba ukitajwa mwanasheria huitwa, na kitabu tumewafundisha watoto kukiheshimu tangu darasa la kwanza. Mkutubi ndiye pekee ambaye hata jina lake halijaenea mitaani. Wengi humwita "yule wa maktaba", na wakitakiwa kueleza kazi yake watasema anatunza vitabu na kunyamazisha wapiga kelele. Ni rahisi kuulaumu umma kwa kutoelewa, na lawama hiyo imetolewa mara nyingi. Mimi naona chanzo kiko karibu zaidi. Umma umeipokea picha ambayo wakutubi wenyewe wameichora. Taaluma hii imejieleza kwa vitu inavyohifadhi, ikayanyamazia maamuzi inayofanya kila siku, na mpaka itakapoanza kuyasema hadharani maamuzi hayo, hakuna jengo jipya wala kompyuta mpya itakayoiinua.

Tuanze na kazi inayoonekana ya kawaida kuliko zote, kukipa kitabu namba ya kukaa rafuni. Maktaba nyingi za Afrika Mashariki hutumia mfumo wa uainishaji uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876. Mfumo huo umeyagawa maarifa yote katika mafungu kumi, na ukiutazama mgawanyo utajua aliyegawa alikuwa amesimama wapi. Fasihi ya Kiingereza imepewa 820 nzima. Fasihi ya Kiswahili, pamoja na Shaaban Robert, Euphrase Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed na washairi wote wa Lamu, Mombasa na Pemba, imebanwa kwenye 896.392. Katika dini, Ukristo umechukua sehemu kubwa ya namba za 200, ilhali Uislamu umewekwa kwenye 297, miongoni mwa dini nyinginezo. Mkutubi wa Tanga au Malindi anapofungua katoni ya vitabu vipya anakabiliwa na swali zito. Aufuate mfumo ulivyo, tamthilia za Ebrahim Hussein ziende kukaa mwisho wa rafu? Au atumie ruhusa ambayo mfumo wenyewe unaitoa, ya kuipa fasihi ya lugha ya kwao nafasi ya mbele na namba fupi? Akichagua njia moja, mtoto anayeingia maktaba kwa mara ya kwanza anakutana na lugha yake mlangoni. Akichagua nyingine, mtoto huyo anajifunza bila kuambiwa na mtu kwamba lugha yake ni ya pembeni. Huo ni uamuzi wa kitaalamu wenye matokeo katika jamii, na hufanywa na mtu ambaye kwenye ripoti ya mwaka ataandika tu kwamba vitabu kadhaa vilipokelewa na kupangwa.

Kabla ya namba kuna kuchagua. Fedha ya kununulia vitabu huwa haitoshi, kwa hiyo kila kitabu kinachonunuliwa kimekifungia mlango kitabu kingine. Hata vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, vinavyopokelewa kwa hotuba na picha, vinahitaji mtu mwenye ujuzi na ujasiri wa kusema kipi kiingie na kipi kirudishwe, maana rafu iliyojaa vitabu vya tiba vilivyopitwa na wakati ni hatari kuliko rafu tupu. Baada ya namba kuna kueleza. Mwaka 1970 J. W. T. Allen alichapisha orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti zilizokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Miswada ile ilikuwepo kabla ya orodha, lakini kwa mtafiti aliye mbali haikuwepo, kwa sababu hakuwa na njia ya kujua aulizie nini. Vivyo hivyo, miswada ya Msikiti wa Riyadha mjini Lamu ilitunzwa kwa vizazi na watu walioipenda. Kilichoifungulia njia ya kufikiwa na wasomaji wa mbali ni kupigwa picha za kidijitali na kuwekewa maelezo, chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Kutunza ni sharti la mwanzo, na anayeishia hapo amekiokoa kitabu bila kumfikishia msomaji. Kenya ilipoanza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa mwaka 1996, ngamia ndiye aliyepata umaarufu. Jambo kubwa zaidi lilikuwa fikra iliyomtangulia ngamia, kwamba maktaba ndiyo imfuate mfugaji anayehama, asitakiwe yeye kuacha mifugo aifuate maktaba. Fikra ya namna hiyo ndiyo ukutubi.

Ikiwa kazi ni hii, picha ya mtunza vitabu imetoka wapi? Sehemu moja imerithiwa. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao mpaka mwaka 1958. Katika maktaba ya namna hiyo, aliyekaa mlangoni alikuwa na wajibu wa kuamua nani asiingie. Uhuru ulileta picha nyingine kabisa. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na mwaka huohuo Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ikaanzishwa Makerere. Kenya ikafuata na sheria yake mwaka 1965. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Wakutubi wa kizazi kile walijiona wajenzi wa taifa. E. E. Kaungamno, aliyeongoza Huduma za Maktaba Tanzania, na mwenzake C. S. Ilomo walichapisha mwaka 1979 kitabu ambacho jina lake lenyewe linatangaza kwamba vitabu hujenga mataifa. Mtu anayeamini hivyo hajiiti mtunzaji.

Imani ile ilififia fedha zilipopungua, na mahali pake pakachukuliwa na daftari la mali. Katika taasisi nyingi, kitabu cha maktaba huandikwa kama kiti na kabati, kuwa mali ya ofisi. Kikipotea, inakuwa hoja ya ukaguzi na mtu anatakiwa kujieleza. Kisiposomwa kwa miaka ishirini, haiwi hoja ya mtu yeyote. Chini ya utaratibu huo mfanyakazi mwenye busara atafanya nini? Atafunga kabati na kuweka ufunguo mfukoni. Atadai barua ya utambulisho kwa kila anayetaka kuazima, na kitabu kizuri atakificha nyuma ya kaunta. Wala tusimwite mvivu, kwa sababu ametii kipimo alichowekewa. Mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni tano za fani hii, na ya kwanza inasema kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Daftari la mali linafundisha kinyume chake, na mara nyingi ndilo lenye nguvu kuliko chuo.

Wakutubi wamejaribu kutoka katika picha hiyo kwa njia mbili, na naamini zote mbili zimewapoteza. Njia ya kwanza ni kubadili jina. Katika vyuo na vyama, neno ukutubi limekuwa likisindikizwa, na mahali pengine kuondolewa, na maneno kama sayansi ya habari na usimamizi wa taarifa. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzisha kitivo cha fani hii mwaka 1988, jina lililochaguliwa lilikuwa la sayansi za habari. Kupanua masomo kulihitajika, maana mhitimu asiyejua hifadhidata hafai maktaba ya leo. Kasoro inaingia pale jina jipya linapotumika kulikimbia la zamani, kana kwamba aibu iko kwenye neno. Mtu anayejiita ofisa taarifa bila kueleza anaamua nini ataulizwa swali lilelile aliloulizwa mkutubi, na safari hii atashindana na fundi wa kompyuta anayejua mitambo kumzidi. Umma, kwa upande wake, hauwezi kuiheshimu taaluma ambayo wenye nayo wanaona haya kuitaja.

Njia ya pili inavutia zaidi, na kwa hiyo ina hatari kubwa zaidi. Ni kuuita ukutubi wito. Mkutubi anaelezwa kuwa mtu anayependa vitabu, mvumilivu, anayejitolea kwa ajili ya watoto wa taifa. Mwaka 2018 mkutubi wa Marekani, Fobazi Ettarh, aliandika makala iliyoichambua fikra hii kwa makini. Alionyesha kwamba taaluma inapojitukuza hivyo, inajiweka juu ya kukosolewa, na wanaoifanya wanakosa ujasiri wa kudai mishahara na mazingira bora, kwa kuwa anayetumikia kitu kitakatifu ataonekana mchoyo akitaja fedha. Uchambuzi wake ulihusu Marekani, lakini sehemu hii yake inatugusa. Waajiri wetu hawana shida na mkutubi mwenye wito. Humpongeza siku ya maadhimisho na kumwacha bila bajeti mwaka mzima. Halafu wito hauelezi ujuzi. Kupenda vitabu hakumfanyi mtu mkutubi, kama kupenda watoto kusivyomfanya mtu daktari wa watoto.

Hapa kuna pingamizi linalostahili jibu la uaminifu. Litasemwa kwamba haya yote ni ya kupitwa na wakati, kwa sababu simu imemaliza kazi ya mkutubi. Mwanafunzi akiwa na swali anauliza mtandao, na siku hizi akili mnemba humwandalia jibu kamili. Ni kweli kwamba kama mkutubi ni mtunza vitabu, basi kazi yake imepungua thamani, na huo ndio ushahidi mwingine kwamba maelezo hayo yanamdhuru mwenyewe. Lakini wingi wa majibu haujapunguza haja ya kuyapima. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 baada ya waraka wao kutaja kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Zilikuwa zimebuniwa na programu ya akili mnemba, zikiwa na majina na namba zinazofanana na za kweli. Mawakili wale hawakukosa taarifa. Walikosa hatua moja ndogo ambayo ndiyo desturi ya kila siku ya ukutubi, kwenda kwenye chanzo chenyewe na kuhakikisha kipo na kinasema kinachodaiwa kusema. Mwanafunzi wetu wa chuo anayekabidhi tasnifu yenye marejeo ya kubuni yuko katika shimo lilelile. Kumfundisha kupima vyanzo ni kazi ya nani, kama mkutubi amekwisha kujitangaza kuwa mwenye ufunguo?

Wengine watasema naanza na mtazamo mahali ambapo tatizo ni mshahara. Mpeni mkutubi cheo, bajeti na sheria, watasema, naye atajiona vizuri. Pingamizi hili lina uzito, na waajiri hawawezi kuachwa watoke salama. Shule nyingi ambazo zina chumba cha vitabu zimemkabidhi ufunguo mwalimu mwenye vipindi tele au karani asiye na mafunzo, huku nafasi ya mkutubi ikihesabiwa kuwa anasa. Hata hivyo cheo hutolewa kwa jambo linaloweza kutajwa. Mhasibu na mhandisi wana bodi zao za kitaalamu kwa sababu jamii inajua nini kitaharibika wakikosea: fedha itapotea, daraja litaanguka. Nigeria ilitunga mwaka 1995 sheria ya baraza la kusajili wakutubi, kwa hiyo si ndoto kwamba taaluma hii inaweza kulindwa kisheria. Lakini anayeomba ulinzi wa sheria lazima aseme ni madhara gani yanatokea mtu asiye na ujuzi anapoishika kazi. Nchini Kenya swali hilo limekuwa la vitendo, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliziweka maktaba katika majukumu ya serikali za kaunti. Mkutubi sasa anagombea bajeti mbele ya wawakilishi wa wadi wanaolilia zahanati na barabara. Akiwaambia anatunza vitabu 10,000, watamjibu kwamba kufuli la shilingi mia chache linatosha.

Ushahidi wa kuwaonyesha upo. Mwaka 1993 watafiti wa Colorado wakiongozwa na Keith Curry Lance walichapisha matokeo yaliyohusisha ufaulu wa wanafunzi na ubora wa maktaba za shule zao, wakiwemo watu wanaozihudumia, na uchunguzi wa aina hiyo ukarudiwa baadaye katika majimbo mengine ya Marekani. Msomaji makini atasema kwamba shule zenye wakutubi huenda ni shule za matajiri, na kufuatana kwa mambo mawili si lazima kuwe na maana kwamba moja limelizaa jingine. Yuko sahihi kuwa na tahadhari, na watafiti wale waliliona suala hilo, wakazingatia hali ya kiuchumi ya jamii katika hesabu zao, na uhusiano haukutoweka. Sisi hatupaswi kuyachukua matokeo ya Colorado na kuyabandika Singida. Tunachopaswa kuiga ni uthubutu wa kupima kazi ya mkutubi kwa kile kinachotokea kwa msomaji. Hapa kwetu maktaba husifiwa kwa viti na rafu. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018, hutajwa kwamba inaweza kupokea watu 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu 800,000. Ni takwimu za kujivunia. Hazituambii mwanafunzi anayeingia na swali gumu anatoka na nini.

Pingamizi la mwisho ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Nikisema mkutubi ni mtu wa maamuzi, nani amempa mamlaka hayo? Anayechagua kitabu cha kununua anaweza pia kukiacha kile asichokipenda kisiasa au kidini, na jamii zetu zimeona vya kutosha watu wanaoamua wenzao wasome nini. Hofu hiyo ni ya haki. Tusidhani lakini kwamba unyenyekevu wa mtunza vitabu unatuepusha nayo. Maamuzi yanafanywa hata sasa, ila yanafanywa kimya, na uamuzi wa kimya hauna wa kuukatia rufaa. Kanuni za maadili zilizotolewa mwaka 2012 na shirikisho la kimataifa la wakutubi, IFLA, zinamtaka mkutubi asiegemee upande katika kujenga mkusanyiko wake na kuufikisha kwa watu, na aiweke wazi sera anayoifuata. Kwa maktaba ya wilaya maana yake ni rahisi: ukurasa mmoja ukutani unaoeleza vitabu huchaguliwa kwa vigezo gani, huondolewa kwa sababu gani, na msomaji asiyeridhika apeleke hoja yake wapi. Anayekubali hadharani kwamba anaamua ndiye anayeweza kuwajibishwa.

Mabadiliko haya hayangoji fedha za mfadhili. Chuo cha Ukutubi cha Bagamoyo na vyuo vingine vinavyofundisha fani hii vinaweza kumtaka kila mwanafunzi, kabla hajahitimu, atetee mbele ya wasomaji halisi orodha ya vitabu alivyochagua kwa fedha kidogo, aeleze alichokiacha na kwa nini. Vyama vya wakutubi vinaweza kupunguza hotuba za kusifu wito na kuchapisha maamuzi magumu ya wanachama wao ili wengine wajifunze na kuyapinga. Mkutubi aliyeko kazini anaweza kubadili ripoti yake ya mwaka. Badala ya idadi ya vitabu peke yake, aandike maswali yaliyoulizwa na hayakupata jibu, vitabu vilivyotafutwa na havikuwepo, makundi ambayo hayajawahi kuvuka kizingiti chake, na alichofanya kwa kila jambo. Ripoti kama hiyo itamletea usumbufu, kwa sababu inafichua mapungufu yake pia. Usumbufu huo ndio gharama ya kuwa mtaalamu, na mhasibu na daktari huilipa kila siku.

Siku moja mkaguzi atafika maktaba akiwa na daftari lake, akute vitabu vyote vipo na hakuna hata kimoja kilichopotea. Leo mkutubi wa maktaba hiyo angepewa hati safi. Nataka wakutubi wenyewe wawe wa kwanza kuisikitikia hati hiyo. Wamwombe mkaguzi aongeze swali jingine, vitabu hivi vimesomwa na nani na kwa manufaa gani, kisha wawe na jibu.